Pazi na Xaveri: jina la mwisho si ukoo

Mtafiti akifika Kisarawe akakuta orodha ya wakazi imejaa akina Pazi, ni rahisi aamini kwamba ameuona ukoo mkubwa. Ninapinga hitimisho hilo. Alichokiona ni mabaki ya cheo cha pazi, yaani mkuu wa Wazaramo.

Masimulizi ya Wazaramo na Washomvi humtaja Pazi Kilama, aliyewashinda Wakamba waliokuwa wakiwasumbua watu wa Mzizima (Dar es Salaam ya leo), akaahidiwa ada kila mwaka. Lakini hakuwa pazi peke yake. Mazungera, mkuu aliyehusika na kuuawa kwa Mfaransa Maizan mwaka 1845, naye alikuwa pazi, na msafiri Mwingereza Burton alipopita Uzaramo mwaka 1857 alikuta wakuu wa sehemu mbalimbali wakiitwa hivyo. Basi wajukuu wa mapazi wasiohusiana hata kidogo wanaweza leo kuandikwa jina moja. Tena Mzaramo kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, ilhali fomu hutaka jina la baba na la babu, na Uislamu uliokwishaenea huko uliupa upande wa baba nguvu zaidi. Ukoo wenyewe, ule unaouliziwa kabla ya kuoana, haumo kwenye kitambulisho.

Kibaha nako mtu anaweza kukutana na Xaveri. Asili ya jina hili ni Kibaski: etxe ni nyumba, berri ni mpya. Wabaski walizoea kumwita mtu kwa nyumba anayotoka, na nyumba mpya zilikuwa nyingi, kwa hiyo hata kwao akina Etxeberria hawatoki kwa babu mmoja. Katika ngome ya Javier, huko Navarra, alizaliwa Francis Xavier mwaka 1506. Alitia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, na mwaka 1622 akatangazwa mtakatifu. Hapo jina la nyumba likawa jina la ubatizo. Huku kwetu limepiga hatua nyingine: baba akibatizwa Xaveri, mwanawe huliandika mwisho, na Mhaya, Mngoni na Mchaga wakawa nalo bila udugu wowote.

Nalisisitiza hili kwa sababu baada ya sensa ya 1967 hatuulizwi tena kabila, uamuzi ninaouunga mkono, na baadhi yetu tunashawishika kuyatumia majina kuziba pengo hilo. Kwa Mkoa wa Pwani, zilimo Kisarawe na Kibaha, kosa hili ni zito. Mkoa ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012. Mwaka 2022 walikuwa 2,024,947. Kibaha, ambako mradi wa elimu wa nchi za Nordiki ulianza mwaka 1963, imepokea watu wa kila pembe ya nchi, kila mmoja na jina la babu yake.

Hispania huweza kutangaza idadi ya wenye kila jina, na takwimu zao zina maana zaidi kuliko zetu, maana kila raia huandikwa jina la ukoo la baba na la mama. Sisi mama hatumwandiki kabisa katika jina, hata pale ambapo ukoo ni wake. Kwa hiyo nawasihi wanaokusanya habari za koo Maneromango, Mlandizi na vijiji vya jirani: waanze kwa kuuliza ukoo wa mama, tena wawaulize bibi kwanza, wangali hai.