Kuomba Radhi Hadharani: Mafunzo ya Tukio la Banu Jadhima

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad (s.a.w.).

Mara nyingi mtu aliyewadhulumu wenzake mbele ya kadamnasi husema, "Kama kuna niliyemkosea, anisamehe," na jambo likahesabiwa limekwisha. Je, hilo latosha kisheria? Tukio la mwaka wa 8 Hijria (630 M) linatupa jibu.

Baada ya kufunguliwa Makka, Mtume (s.a.w.) alimtuma Khalid bin Walid (r.a.) kwa Banu Jadhima kuwalingania Uislamu. Imepokewa katika Sahih al-Bukhari kutoka kwa Abdullah bin Umar (r.a.) kuwa watu wale hawakuweza kutamka vizuri kuwa wamesilimu. Walisema "saba'na", yaani tumeacha dini yetu. Khalid hakuliridhia neno hilo. Akawaua baadhi yao, wengine akawateka, kisha akaamuru kila mtu amuue mateka wake. Ibn Umar na wenzake wakakataa.

Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.), aliinua mikono yake na kujitenga mbele ya Allah (s.w.) na kitendo kile, mara mbili. Hakuwalaumu wafu kwa matamshi yao.

Ibn Is-haq anasimulia kuwa kisha alimtuma Ali bin Abi Talib (r.a.) na mali. Ali akalipa diya za waliouawa na fidia ya vilivyopotea, hata chombo cha kunywea mbwa. Alipouliza kama kuna asiyelipwa, wakajibu hakuna. Mali iliyobaki nayo akawaachia, kwa tahadhari ya hasara isiyojulikana kwao wala kwa Mtume (s.a.w.). Mtume akamwambia amepatia.

Tunajifunza mambo matatu:

Kwanza, kosa lilitajwa kwa jina lake na kwa mtendaji wake. Hapakuwa na "kama".

Pili, udhuru haukufuta deni. Wanachuoni wamesema Khalid alikosea katika ijtihadi, ndiyo maana hakulipiziwa kisasi. Hata hivyo, diya ililipwa. Udhuru waweza kumwondolea mkosaji adhabu, haumwondolei aliyedhulumiwa haki yake.

Tatu, kipimo kilikuwa hasara ya waliodhulumiwa, nao walifuatwa kwao, hawakuitwa.

Haya yanaafikiana na Imam an-Nawawi katika Riyadhus-Salihin: toba ni kuacha kosa, kujuta na kuazimia kutorudia. Ikihusu haki ya mja, huongezwa sharti la nne, kumrudishia haki yake.

Basi imamu aliyemtuhumu Muislamu juu ya mimbari kwa jambo lisilo kweli, kisha akamwomba radhi faraghani baada ya Isha, bado anadaiwa. Heshima ilivunjwa mbele ya safu zote, na mbele ya safu hizo hizo irejeshwe. Katika Suratul-Baqara aya ya 160, waliotubu wanatajwa pamoja na kutengeneza na kubainisha.

Tumuombe Allah (s.w.) atuwezeshe kulipa haki za watu kabla ya siku isiyo na dinari wala dirhamu. Wallahu a'alam.