Urekebishaji wa kasoro za taswira katika hadubini

Urekebishaji wa kasoro za taswira ni tawi la optiki linaloshughulikia kurudisha ukali wa picha ya hadubini pale mwanga unapopotoka njiani kati ya sampuli na kamera. Huitwa urekebishaji wa kujiendesha iwapo chombo chenyewe ndicho kinachopima upotofu huo na kuufuta, bila mtaalamu kugusa skrubu yoyote. Mfumo wake huwa na sehemu tatu, yaani njia ya kuitambua kasoro, kifaa cha kuibatilisha, na programu ya kompyuta inayoziunganisha hizo mbili.

Chanzo cha kasoro

Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alionyesha kwamba mwanga, kwa kuwa ni wimbi, hauwezi kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi lake, yaani kama nanomita 200 hadi 250 kwa mwanga wa kijani. Mpaka huo hufikiwa tu endapo lenzi inatumika katika hali aliyoikusudia mtengenezaji, na hali hiyo ni finyu: lenzi nyingi za sampuli, yaani zile zilizo karibu kabisa na kitu kinachotazamwa, zimekokotolewa kwa kioo cha kufunikia chenye unene wa milimita 0.17, na mtazamaji akizama ndani ya tishu nene hesabu hiyo huharibika. Sababu ni kiwango cha mpindo, namba inayoonyesha mwanga hupunguza mwendo kwa kiasi gani ndani ya kitu fulani. Maji yana 1.33, kioo na mafuta ya hadubini yana 1.515 hivi, na tishu nyingi za viumbe huangukia kati ya hizo, tena bila usawa, kwa kuwa kiini cha seli, mafuta yake na utando wake havipindi mwanga kwa kiasi kimoja.

Matokeo yake ni kwamba uso wa wimbi, ambao ni uso wa kufikirika unaounganisha sehemu zote za wimbi zilizo katika hatua moja, hufika kwenye kamera ukiwa na mabonde na vilima. Joseph Jackson Lister wa London alikwisha kupunguza sana kasoro ya tufe, ambamo miale ya pembeni na ya katikati ya lenzi hukutana mahali tofauti, kwa mpangilio wa lenzi alioutangaza mwaka 1830. Lakini Lister na waliomfuata walirekebisha kioo. Kasoro inayotokana na sampuli yenyewe, ambayo hubadilika kila slaidi inaposogezwa, haikuwa na dawa kwa zaidi ya karne moja.

Kutoka darubini hadi hadubini

Wazo la kurekebisha mwanga papo hapo lilitoka kwa wanaastronomia. Mwaka 1953 Horace Babcock wa Marekani alipendekeza darubini ipewe kifaa cha kufuta mtikisiko wa angahewa, na miongo kadhaa ilipita kabla ya teknolojia kulifikia pendekezo hilo. Kifaa kilichokuja kutumika zaidi ni kioo nyumbufu, kioo chembamba chenye visukumio nyuma yake vinavyokibonyeza au kukivuta kwa kiasi kidogo mno, ili mahali wimbi lilipochelewa njia yake ifupishwe na lilipotangulia irefushwe. Mwaka 2002 Martin Booth na wenzake wa Oxford walichapisha kazi muhimu iliyotumia kioo cha namna hiyo katika hadubini ya konfokali, ile inayosoma sampuli nukta kwa nukta kwa leza.

Kuitambua kasoro kuna njia mbili. Ya kwanza hupima uso wa wimbi moja kwa moja kwa kihisi cha Shack na Hartmann, ambacho ni safu ya lenzi ndogondogo zinazoonyesha wimbi limeinama upande gani katika kila sehemu. Njia hii ni ya haraka, ila huhitaji nukta angavu ndani ya tishu, inayoitwa nyota ya kuongozea kwa kufuata desturi ya wanaastronomia. Mwaka 2014 kundi la Eric Betzig, katika kituo cha Janelia nchini Marekani, liliitumia kuona kwa ukali mkubwa ndani ya ubongo wa samaki wadogo aina ya pundamilia.

Njia ya pili haina kihisi kabisa, na ndiyo yenye werevu zaidi. Programu hukipa kioo umbo fulani la kasoro kwa makusudi, hupiga picha, hukipa umbo la kinyume, hupiga tena, kisha hukokotoa ni umbo gani lingetoa picha angavu au kali kuliko zote. Maumbo hayo hufuata polinomia za Frits Zernike, Mholanzi aliyezitangaza mwaka 1934, ambazo kila moja husimama badala ya kasoro moja inayojulikana. Gharama yake ni muda, na pia mwanga mwingi unaoweza kuichosha sampuli hai.

Mipaka

Rekebisho lililo sahihi mahali pamoja huweza kuwa kosa maikromita chache tu kando yake. Mwanga uliotawanyika kabisa ndani ya tishu haurudishwi na kioo nyumbufu.

Afrika Mashariki

Hadubini inayofahamika zaidi katika eneo hili ni ile ya kupimia malaria, na Burundi, iliyotangaza mlipuko wa ugonjwa huo Machi 2017, inaihitaji kuliko nchi nyingi. Mgonjwa wa Gasenyi jijini Bujumbura hahitaji kioo nyumbufu ili vimelea vyake vionekane: damu iliyopakwa kwenye slaidi ni nyembamba, na mafuta huziba pengo kati ya slaidi na lenzi, hivyo kasoro kubwa inayobaki ni fokasi mbaya.

Kasoro hiyo ndiyo iliyoshughulikiwa na OpenFlexure, hadubini inayochapwa kwa plastiki na kuendeshwa kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyobuniwa Uingereza na kundi la Richard Bowman kwa ushirikiano na Bongo Tech & Research Labs ya Dar es Salaam na Taasisi ya Afya Ifakara. Programu yake husogeza lenzi juu na chini huku ikifuatilia ukubwa wa kila picha ya JPEG, kwa kuwa picha yenye mambo mengi makali haifinyiki sana na hivyo huchukua nafasi kubwa. Mahali palipotoa picha nzito ndipo fokasi ilipo. Kikanuni, kazi hiyo ni ndugu halisi wa njia isiyo na kihisi iliyoelezwa hapo juu, ikishughulika na umbo moja tu la Zernike. Hadubini hiyo pia hufuta weusi wa pembeni unaosababishwa na kamera. Michoro na programu zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuitengeneza au kuibadilisha.