Nyumba ya samaki na baruti za bara



Jumamosi iliyopita nilikuwa stendi ya Makambako nasubiri gari la kurudi Njombe. Mama mmoja muuza samaki akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia naandika habari. Akacheka. "Basi mwanangu, andika kwa nini samaki wa baharini wanaotufikia huku ni wadogo halafu bei kubwa." Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani, nikasoma, nikasoma tena, na leo nawaletea nilichopata. Ni historia, ila si ya zamani sana, na sisi watu wa milimani tumo ndani yake.

Tuanze na nyumba yenyewe. Tumbawe linaonekana kama jiwe, kumbe ni kazi ya wanyama wadogo sana wanaojenga mwamba wa chokaa kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Humo ndimo changu wanapopata chakula, chewa wanapovizia, na pono wanapokwangua mwani. Kwa hiyo samaki utakaowakuta kuzunguka kisiwa wanategemea mambo mawili: watu wanavua kiasi gani, na nyumba ya samaki iko katika hali gani. Wengi wetu tunatazama la kwanza tu. Nyavu na ndoana zikizidi, samaki wakubwa ndio hupungua kwanza, lakini wadogo wanaobaki wanaweza kukua na kuzaana kama mwamba umesimama. Mwamba ukivunjika, watarudi wapi?

Hapo ndipo inapoingia baruti. Uvuvi wa mabomu ulianza kwenye pwani yetu miaka ya 1960. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 ikaupiga marufuku, lakini milio haikunyamaza. Bomu moja linaua kila kilicho karibu, mkubwa na mdogo, anayeliwa na asiyeliwa. Samaki wengi huzama chini na kuozea huko, mvuvi anaokota sehemu tu. Matumbawe yanabaki kifusi kinachosukumwa huku na huku na mawimbi, na matumbawe machanga hayawezi kushika juu ya kitu kinachotembea. Mwaka 1996, kwenye Ghuba ya Mnazi kule Mtwara, ilihesabiwa milipuko 441 ndani ya miezi miwili. Hebu piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya saba kwa siku!

Sasa swali langu kwenu wadau: baruti hizo zilitoka wapi? Baharini hakuna kiwanda cha baruti. Zilitoka kwenye migodi, machimbo ya mawe na ujenzi wa barabara. Nyingine zilitengenezwa kienyeji hata kwa mbolea. Yaani zilitoka nchi kavu, mikononi mwa watu ambao pengine hawajawahi kuloweka miguu kwenye maji ya chumvi. Ndiyo maana nasema tusijitoe kwenye kisa hiki.

Visiwa vyetu vina majibu mawili tofauti. Bongoyo na Mbudya, karibu kabisa na Dar es Salaam, maji yake yalitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975, lakini kwa miaka mingi hifadhi hiyo iliishia kwenye karatasi. Mafia nako mabomu yalilia, na matumbawe yalichimbwa na kuchomwa ili kupata chokaa ya kujengea. Samaki akavunjiwa nyumba ili binadamu ajenge yake. Mwaka 1995 ndipo Mafia ikapata Hifadhi ya Bahari, ya kwanza Tanzania Bara.

Jibu la pili liko Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Kwa muda mrefu wavuvi hawakuruhusiwa kuvua pale kwa sababu za kijeshi na kwa kuwa meli za Dar es Salaam zinapita karibu. Hakuna aliyekuwa akiwaza kulinda samaki. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza rasmi mwamba wake kuwa hifadhi, na walinzi wake wakatoka miongoni mwa wavuvi wenyewe. Leo hii kuna aina zaidi ya 400 za samaki kwenye kipande kile kidogo cha bahari. Ni bahari ile ile na jua lile lile. Hata joto la mwaka 1998 lililofanya matumbawe ya Bahari ya Hindi kuwa meupe na kufa kwa wingi halikuiacha Chumbe. Lakini nyumba iliyopata ufa si sawa na nyumba iliyosagwa kwa baruti.

Kuna jambo jingine lililonishangaza. Kenya, ambako Malindi na Watamu zina hifadhi za bahari tangu 1968, watafiti waligundua kuwa samaki aitwaye kikande hula wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu. Kikande akivuliwa sana, wenye miiba wanazidi na kuutafuna mwamba. Kumbe hata bila bomu, kumwondoa samaki mmoja kunaweza kubomoa nyumba ya wote. Na mwamba uliofungiwa uvuvi ulihitaji kama miaka 20 kurudisha wingi wa samaki wake.

Msiseme hayo ni ya Wakenya. Mkoa wetu wa Njombe una ufukwe wa Ziwa Nyasa kule Ludewa. Kwenye ziwa hilo hilo, upande wa Malawi, samaki wanaokula konokono walivuliwa kupita kiasi miaka ya 1980. Konokono wakaongezeka, na kichocho kikaongezeka kwa watu. Uvuvi ulizidi majini, ugonjwa ukaingia majumbani.

Kuna habari njema pia. Mwaka 2015 watafiti walipita pwani yote ya Tanzania na vifaa vya kusikiliza chini ya maji wakanasa milipuko 318, mingi ikiwa karibu na Dar es Salaam. Mwaka huo huo serikali iliunda kikosi kazi cha kufuatilia mtandao mzima, na kuanzia 2016 milio ikapungua sana. Lakini kifusi bado kiko chini kule. Kumkamata mtu ni kazi ya siku moja, tumbawe linahitaji miaka na miaka.

Kwa hiyo Mama yangu wa stendi, jibu langu ni hili: wakubwa walivuliwa, na wadogo waliotakiwa kukua tuliwavunjia nyumba. Wengine walivunja kwa bomu, wengine kwa kuuza baruti, wengine kwa kunyamaza.

Wewe mdau wa Ludewa, Manda au Lupingu, ziwani kwenu hali ikoje? Tuandikie, tujifunze pamoja.

Nawasilisha.