Majina ya watoto: Kumbukumbu ya saa, msimu na ukoo

WAHENGA walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Hata hivyo, si wengi leo wanaoweza kueleza maana ya jina wanaloitwa kila siku, wala sababu ya wazazi kulichagua badala ya jingine.

Katika jamii nyingi za Kenya, jina la mtoto halikuwa pambo. Lilikuwa rekodi fupi ya saa, msimu au hali aliyozaliwa nayo, tangu zama ambapo vyeti vya kuzaliwa havikujulikana.

Waluo, mathalan, hutazama jua. Mtoto aliyezaliwa asubuhi huitwa Okinyi akiwa mvulana na Akinyi akiwa msichana. Wa jioni ni Odhiambo au Adhiambo, ilhali wa usiku ni Otieno au Atieno. Mvua ikinyesha huwa Okoth au Akoth. Pacha wa kwanza huitwa Opiyo au Apiyo, naye anayemfuata Odongo au Adongo. Aghalabu irabu ya mwanzo ndiyo inayotofautisha jinsia: O kwa wavulana, A kwa wasichana.

Wabukusu nao huyafuata majira ya mkulima. Wafula na Nafula ni wa msimu wa mvua, Wekesa na Nekesa wa mavuno, Simiyu na Nasimiyu wa kiangazi. Wanjala na Nanjala walizaliwa wakati wa njaa, nao Wakamba huwaita Wambua na Mbula watoto waliokuja na mvua.

Miongoni mwa Wakalenjin, viambishi Kip- na Chep- au Che- ndivyo vinavyobainisha mvulana na msichana. Kiprop na Cherop ni watoto wa mvua, Kibet na Chebet ni wa mchana. Jadi iliruhusu mwanamume aliyepashwa tohara atumie jina la babake kwa kutanguliza neno 'arap', yaani 'mwana wa', na kukiacha kiambishi. Hivyo, mwana wa Kiprono hujulikana kama arap Rono.

Agikuyu hawakuegemea sana saa bali ukoo. Mwana wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza huitwa kwa nyanya mzaa baba, na wa pili kwa nyanya mzaa mama. Kwa utaratibu huu, mpangilio wa majina ya ndugu wa tumbo moja ni ramani ya pande mbili za familia.

Hapa ndipo msomaji anapopaswa kuwa na hadhari. Kariuki humaanisha aliyefufuka, lakini wengi wanaoitwa hivyo leo wamelipokea jina hilo kutoka kwa babu zao tu. Vivyo hivyo, huenda Wanjala wa leo hakuzaliwa wakati wa njaa, bali amerithi jina la mhenga aliyeiona. Kamusi hutoa maana ya neno. Sababu ya mtoto fulani kupewa jina hilo hujulikana na jamaa zake.

Katika Pwani, lugha ya Kiarabu na dini ya Kiislamu zimeacha alama kubwa. Juma hutokana na Ijumaa na Khamisi na Alhamisi, ilhali Rajabu, Shaabani na Ramadhani ni miezi ya kalenda ya Kiislamu. Desturi ya kutaja siku haiko Uswahilini pekee. Waakan wa Ghana humwita Kofi mvulana wa Ijumaa na Kwame wa Jumamosi. Kwa hivyo, Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kati ya 1997 na 2006, alikuwa na jina linalolingana na Juma.

Majina ya Biblia nayo yamesafiri mbali. Yohana, jina la Kiebrania lenye maana kwamba Mungu ana neema, ni Yahya kwa Waislamu, John kwa Waingereza, Jean kwa Wafaransa, Juan kwa Wahispania na Ivan kwa Warusi. Petro ni mwamba katika Kigiriki.

Majina hayo yalienea nchini kupitia ubatizo. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 iliwataka mapadri kuhakikisha mtoto anapewa jina la Kikristo. Ile ya 1983 ilitaka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Kwa mujibu wa sheria hiyo, dhana kwamba Akinyi au Nekesa hawezi kubatizwa bila jina la Kizungu haina msingi.

Wapo waliojirudishia majina ya asili. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki 2025, alichapisha riwaya yake ya kwanza mnamo 1964 kama James Ngugi. Kufikia Petals of Blood ya 1977, jina James halikuwepo tena jaladani.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, humpa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Mnamo 2016, Mahakama Kuu iliamua kwamba kumzuia mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kuandikishwa kwa jina la babake bila idhini ya baba huyo kulikiuka Katiba.

Hatari iliyobaki ni kalamu. Ochieng' huandikwa Ochieng, na sauti ya mwisho, ambayo ni ile ya 'ng'ombe', ikasomwa kama ya 'ngao'. Kosa dogo likiingia kwenye cheti cha kuzaliwa huweza kumfuata mtoto hadi kwenye cheti cha mtihani, kitambulisho na hata shauri la urithi.

Hivyo basi, mzazi ana wajibu wa kukagua kila herufi kabla ya kutia sahihi fomu ya usajili, na kuwauliza wazee chanzo cha jina wangali hai. Jina lisiloelezwa hubaki sauti tupu.