Kuganda

Asubuhi ya Juni huko Newala, mafuta ya nazi huwa meupe na magumu chupani. Yakiteremshwa hadi njia panda ya Nanganga, jua la mchana huyayeyusha. Yakiwa magumu, watu husema yameganda, na neno hilohilo linayafaa mafuta ghafi ya Uganda (jina la nchi halikutoka huko, msomaji asije akanidaka). Yana nta nyingi; ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa lipashwe joto kwa umeme, mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 hivi.

Baharini kuna mtihani mkubwa zaidi. Katika kitalu cha gesi namba 2, mbele ya Lindi, kina cha maji hupita mita 2,000 na sakafuni ni baridi kali. Gesi yenye majimaji, ikibanwa kwa shinikizo kubwa, huganda mfano wa barafu hata kabla ya nyuzi sifuri.

Tunacho pia kitenzi kugandua. Mafundi wa mabomba hawakipendi: donge la gesi iliyoganda likinasuka huku shinikizo limeelemea upande mmoja, hufyatuka na laweza kupasua bomba. Bora joto, au kemikali, mapema.