Vitufe Tulivyorithi

Wadau, kuna programu ndogo kwenye Linux inaitwa dmenu. Ilitoka mwaka 2006, kazi ya Anselm Garbe na wenzake wa suckless, watu wasiopenda makorokoro kabisa. Ndugu yake, dwm, ana sharti kwamba msimbo wake usizidi mistari 2,000! Ukiiita dmenu unatokea ukanda mwembamba kwenye skrini. Unaandika herufi mbili tatu, orodha inajichuja, unabonyeza Enter, basi. Hakuna picha ya mkasi, hakuna cha kubofya kwa panya.

Sasa jiulize: programu isiyokuonyesha kitu, utajuaje namna ya kufuta neno ulilokosea? Jibu ni kwamba wanategemea vidole vyako vinajua tayari. Vimefundishwa na nani? Hapo ndipo historia inapoingia.

Tuanze na 1963, mwaka wa kanuni ya ASCII, iliyozipa herufi namba. Kitufe cha Ctrl kilikuwa cha kutuma amri badala ya herufi. H ni herufi ya nane, na amri namba 8 ni kurudi nyuma hatua moja. M ni ya 13, na amri namba 13 ni kurudi mwanzo wa mstari. Fungua dmenu leo, bonyeza Ctrl-H: inafuta herufi. Ctrl-M: ni Enter. Zaidi ya miaka 60!

Mwaka 1976 pale MIT, Marekani, ikazaliwa Emacs ya Richard Stallman na wenzake. Ndiko zilikotoka Ctrl-A ya kwenda mwanzo wa mstari, Ctrl-E ya mwisho, Ctrl-K ya kufuta kilichobaki mbele. Mwaka huohuo, Bill Joy, mwanafunzi wa Berkeley, alikuwa akiandika vi kwenye mashine ya ADM-3A, ambayo mishale yake ilichorwa juu ya H, J, K na L. Ndiyo maana hata dmenu ina Alt pamoja na herufi hizohizo nne za kutembea kwenye orodha.

Lakini mimi na wewe tuliojifunzia kompyuta kwenye Windows tunatoka ukoo mwingine. Larry Tesler, aliyefariki 2020, ndiye aliyetengeneza kata, nakili na bandika akiwa Xerox PARC miaka ya 1970. Apple walipotoa Lisa mwaka 1983, kazi hizo zikapewa X, C na V, na Z ya kutengua, zote zimepangana chini kushoto. Windows nao wakazichukua.

Koo hizi mbili zinagongana. Kwenye dmenu, Ctrl-C hainakili. Inafunga! Kwa watu wa Unix Ctrl-C ni amri ya kusimamisha kazi tangu zamani. Kubandika ni Ctrl-Y.

Tazama na hili. E ya Emacs ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya mwisho. Mswahili hapati msaada wowote hapo, anakariri tu. Lakini X, C, V zinashikwa kwa mahali zilipo, na H, J, K, L vilevile. Kidole hakiulizi lugha.

Kwa maoni yangu, dmenu walifanya vema kurithi badala ya kubuni vitufe vipya ambavyo hakuna anayevijua. Ila tusidanganyane kwamba programu hii ni nyepesi kwa kila mtu. Ni nyepesi kwa waliorithi, sisi wengine tunalipa kwa kukariri. Nafuu ni kwamba msimbo uko wazi, leseni yake ni huru, na anayejua lugha ya C anaweza kubadili kitufe chochote. Je, kijana wa Dar akipewa nafasi ya kupanga vitufe upya kwa vidole vya Waswahili, ataanzia herufi gani?