Kizibo cha Gobori

Bunduki za kale zina majina kadha wa kadha katika lugha yetu. Iko bunduki ya mrau, iliyowashwa kwa utambi. Iko ya gumegume, iliyowashwa kwa cheche za jiwe. Kisha ikaja ya fataki. Zote zilishindiliwa kwa mdomoni. Watu wakizisimulia hutaja baruti na risasi, bali kizibo hawakitaji, nacho kilikuwa na kazi kubwa.

Mpigaji alimimina baruti katika kasiba, akatia kizibo, akakishindilia kwa mdeki. Kisha akatia marisau, na juu yake kizibo cha pili. Cha kwanza kilizuia nguvu ya baruti isipenye kati ya marisau ikapotea bure. Cha pili kilizuia marisau yasimwagike bunduki ikiinamishwa. Tena risasi ikilegea huteleza ikaachana na baruti, na hapo kasiba huweza kupasuka mikononi mwa mwenyewe.

Watu walitwaa walichokiona karibu. Wawindaji wa Marekani walitumia makapi ya kitani, na nyuzi za mmea uning'iniao mitini kama ndevu, hata kiota cha nyigu; kwa maana nyigu hutafuna mti akaufanya mwembamba kama karatasi. Lakini yataka busara: kizibo kibichi huharibu baruti, na kikavu mno huruka na moto wake.

Hatari hiyo ilionekana London tarehe 29 Juni 1613. Katika nyumba ya michezo iitwayo Globe ulichezwa mchezo wa Shakespeare wa Mfalme Henry wa Nane. Mfalme alipoingia, mizinga ilipigwa kwa heshima yake, bila risasi, kwa baruti na kizibo tu. Kizibo chenye moto kikaangukia paa la makuti ya nyasi. Watu waliuona moshi, wakaudharau, macho yao yakabaki kwenye mchezo. Muda wa saa moja haukutimia, nyumba yote ikateketea. Watu waliokoka, mmoja suruali yake ilishika moto, akazimwa kwa pombe iliyokuwamo chupani.

Mdharau mwiba, walisema wahenga, mguu huota tende. Mwaka 1614 nyumba ile ilijengwa tena, na safari hii waliiezeka kwa vigae.